Shangazi, alamu za mazoezi nimejaza simu nzima lakini nikitoka kazini kichwa kimechoka siwezi kitu

Shangazi shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni mdada wa miaka thelathini na kitu, naishi Mabatini hapahapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, na kazi yangu ni uhasibu kwenye duka la jumla mjini. Nina watoto wawili, mume wangu anaendesha gari la mizigo kwahiyo yuko safarini mda mwingi, nyumbani nipo na watoto na mama mkwe.

Shangazi kazi yangu ni ya kukaa kuanzia asubuhi. Nikifika nawasha komputa, naanza na risiti za mashine ya EFD, nikimaliza nalinganisha meseji za malipo ya simu na daftari la madeni, kuna wateja wa Ukerewe wanatuma hela nusunusu inabidi umkumbuke kila mmoja katuma lini na kabakiza nini, hapohapo bosi anapiga mzigo umefika njoo hesabu. Tarehe 7 kodi ya mishahara, tarehe 20 VAT, hapo katikati usiombe. Nikitoka saa kumi na moja na nusu jioni sijabeba hata kiroba kimoja cha unga lakini nimechoka yani mtu akiniuliza tule nini leo natamani kulia.

Sasa juzijuzi nilienda zahanati kwa ajili ya mafua, nesi akanipima presha akakuta imepanda kidogo, akasema siyo ya dawa kwa sasa ila nipunguze chumvi na nifanye mazoezi, nirudi kupima tena. Nikaogopa maana kwetu presha ipo. Nikaweka apu ya kuhesabu hatua, lengo hatua elfu kumi, na nikaweka alamu. Saa kumi na moja alfajiri "amka ukimbie". Saa saba mchana "simama kidogo". Saa kumi "nyoosha mgongo". Saa mbili usiku "mazoezi dakika 45". Mwanzoni nilijitahidi kweli. Sasaivi kidole kinaifuta alamu kabla sijasoma hata imesema nini, kama mtu anayefukuza nzi. Ile ya saa mbili ndo inaniumiza zaidi, inanikuta nipo kwenye kochi na simu mkononi naangalia video, naifuta, naendelea kuangalia, roho inanisuta, na lile duara la hatua linabaki tupu.

Mdogo wangu anasema nifute zote zinaniongezea stresi. Rafiki yangu kazini anasema niongeze, niweke kila lisaa. Mama mkwe hasemi kitu ila akiniona nimejilaza na simu naona anavyonitazama. Shangazi mi naomba kuuliza, nizifute au niongeze? Na hivi mtu akiwa kachoka kichwa si anatakiwa apumzike, mazoezi hayatamzidishia? Najiona mvivu tu.

Mchovu wa Mabatini

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Tena pole mara mbili, maana hiyo kazi ya madeni ya visiwani naijua inavyokula kichwa.

Jibu nakupa mwanzoni usisubiri: futa zote bakiza moja, na hiyo moja uitoe kwenye saa mbili usiku uilete mchana kweupe kabla hujatoka kazini. Usiongeze hata moja. Sasa ngoja nikueleze kwanini, maana ukielewa hutakuwa na haja ya kunigombania.

Neno uvivu litoe mdomoni kwanza. Mwaka 2009 kuna watafiti wa Uingereza, mmojawao anaitwa Samuele Marcora, walichukua watu 16 wakawakalisha kwenye komputa dakika 90 wanafanya kazi ya kichwa ya kuchosha, baada ya hapo wakawapandisha baiskeli ya mazoezi wapige pedeli mpaka washindwe. Siku nyingine watu walewale wakakaa mda uleule wanaangalia filamu za kawaida tu, halafu baiskeli ileile. Siku ya kazi ya kichwa walishindwa kwenye wastani wa sekunde 640, siku ya filamu wakafika 754. Walipoangalia moyo na mapafu hawakukuta sababu ya ile tofauti, mwili ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni jinsi mtu alivyoisikia kazi, aliiona nzito zaidi tangu mwanzo, ndo maana akaacha mapema. Umeona mwanangu? Wewe saa kumi na moja na nusu miguu yako ni mizima kabisa haijafanya kitu tangu asubuhi, ila kila unachokiangalia kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Huo siyo uvivu, ni uchovu wa akili na upo kweli, na unahitaji mpango wake.

Kwahiyo lile swali la kwamba mazoezi yatakuzidishia, hapana, kutembea hakuwezi kukudhuru kwa sababu kichwa kimechoka. Watu wengi wakishatembea kidogo wanasikia kichwa kinaachia, na kwa presha kama yako ambayo imeanza tu kupanda kutembea ni moja ya vitu vinavyosaidia kuishusha. Ila huo utafiti usiuchukue ukaanza kujilazimisha. Chukua hivi, kwa kuwa saa hizo kila kitu utakiona mara mbili ya ukubwa wake, basi unachojiomba kiwe kidogo. Wewe umejiomba dakika 45, saa mbili usiku, baada ya kupika na kuogesha watoto. Nani angeweza hiyo? Mimi nisingeweza.

Kingine, hizo alamu zako hebu zisome upya. "Mazoezi dakika 45." Mazoezi gani? Wapi? Unavaa nini? Nani anabaki na mtoto? Ile siyo kumbusho mwanangu, ni maswali manne yamefika kwa mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kuamua, huyu kalipa, huyu bado, hii iingie mwezi huu au ujao. Kichwa kilichochoka kikiulizwa swali kinachagua jibu jepesi, na jepesi lililopo ni kufuta. Alamu ya mtu aliyechoka akili haitakiwi kuuliza chochote, inatakiwa ikute umeshaamua zamani, Jumapili ukiwa umelala vizuri, yenyewe ije tu kukupa amri ndogo. Kuna profesa wa saikolojia anaitwa Peter Gollwitzer, tangu miaka ya 1990 anafundisha kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa "nikifika sehemu fulani nafanya kitu fulani" anatekeleza kuliko aliyesema tu "nitafanya mazoezi". Sehemu inatajwa, kitendo kinatajwa, basi. Hakuna kufikiria.

Sasa kwako wewe sehemu ni ipi? Ni pale unaposhuka daladala barabarani Mabatini. Umesema unaishi juu kwenye mawe na hujaniambia unapandaje, lakini nakisia ukishuka tu unaita boda. Si ndiyo? Mwanangu ule mlima ndo mazoezi yako, huhitaji mengine ya kuanzia. Kupanda zile ngazi za mawe kati ya nyumba, moyo unadunda, jasho linatoka, ukijaribu kuongea sentensi nzima unakatishwa na pumzi, hiyo inahesabika kabisa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za kazi nzito ya kuhemesha, na jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba zamani walikuwa wanasema lazima iwe angalau dakika kumi mfululizo ndo ihesabike, hilo wameliondoa. Kila dakika inahesabika sasa. Ukipanda robo saa siku tano ni dakika 75 tayari, na asubuhi ukishuka kwa miguu unaongezea. Jumamosi jioni au Jumapili ukiwachukua watoto mkatembea Capri Point kwenye ile njia ya kandokando ya ziwa, wiki imejaa na hujakimbia popote alfajiri.

Tena usianze na mlima mzima. Angalia katikati ya njia kuna nini, genge la nyanya, duka, mti, popote ambapo ngazi zinakutana na njia ya boda. Wiki za kwanza panda mpaka hapo tu. Ukifika ukiona kichwa bado kizito chukua boda umalizie, na usijisute, ulichoahidi umetimiza. Mara nyingi mtu akishafika nusu anamalizia mwenyewe, ila isiwe sharti, siku ukilifanya sharti utaanza kulikwepa.

Haya, alamu yenyewe. Iwekwe saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha ofisini unafunga komputa. Isilie ukiwa ndani ya daladala, mle hutaisikia kwa mziki na konda, na simu kuitoa nje mle siyo busara. Isilie ukiwa nyumbani pia, ukishakaa kwenye kochi umeshachelewa. Na maandishi yake usiandike mazoezi. Andika "Vaa raba". Yani hivyo tu maneno mawili. Raba zako zikae chini ya meza yako ya kazini siku zote, hata zile kuukuu, alamu ikilia unavua vya kazini unavaa raba ukiwa umekaa hapohapo, unatoka. Ukishuka Mabatini boda wakikuita mguuni una raba na ngazi ziko mbele yako. Nimesisitiza viatu kwa sababu nimeona akina mama wengi hawapandi mlima siyo kwamba hawataki, ni vile viatu vya ofisini vinateleza kwenye mawe na vinauma vidole, mtu anasema kesho.

Tumia saa ya kawaida ya simu, ile ya kuamshia, usitumie apu. Hizi simu zetu nyingi zikiona chaji inapungua zinazima apu zinazofanya kazi chini kwa chini ili zitunze betri, kumbusho halifiki au linafika saa tatu usiku. Saa ya simu haihitaji bando na haizimwi hovyo. Chagua ijirudie siku za kazi. Na kwenye mlio, chukua rekoda ya simu umrekodi mwanao mkubwa aseme "mama vaa raba", uiweke hiyo sauti ndo iwe mlio wa alamu. Sauti ya mtoto wako kidole hakiwezi kuifuta haraka hivyo. Baada ya wiki mbili tatu mrekodi mdogo, au mama mkwe ukiweza, maana sikio linazoea. Hili la kuzoea siyo maneno yangu tu, kule Marekani walifanya utafiti wa apu inaitwa HeartSteps, majibu yakatoka 2019, walikuwa wanawatumia watu ujumbe kwenye simu kwa wiki sita. Ujumbe wa kumwambia mtu atembee uliongeza hatua kwa kama asilimia 24 kwenye nusu saa iliyofuata, lakini kadiri siku zilivyokwenda nguvu ile ikawa inapungua. Na ule wa kumwambia tu aache kukaa haukuonyesha tofauti ya maana. Kwahiyo rafiki yako anayesema uweke kila lisaa, anataka jema ila atakuzoesha kelele. Ile "simama kidogo" ya saa saba iondoe, kusimama utasimama tu ukienda kula, badala ya kuagizia chakula mezani nenda wewe mwenyewe kwa mama ntilie.

Ya saa kumi na moja alfajiri nayo ifute leo hii kabla hujalala. Wewe una watoto, unalala saa ngapi? Akili iliyochoka dawa yake kubwa ni usingizi, mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, ukiukata ili ukimbie kesho yake uchovu unaongezeka na alamu zote za jioni zinaanguka. Na hilo duara la hatua elfu kumi lisikunyime raha. Ile namba asili yake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa Japani tangu 1965, ilikuwa ya biashara, hakuna daktari aliyekaa akapima akasema chini ya hapo ni bure. Zima taarifa za hiyo apu. Ukipenda kuangalia hatua, angalia za wiki hii na za wiki iliyopita, zako kwa zako.

Kuhusu giza, sisi huku jua linachelewa kuliko Dar, linazama kwenye saa moja jioni hivi, kwahiyo ukitoka na nusu hiyo unapanda kukiwa na mwanga. Ikishaingia usiku, au mvua imenyesha mawe yamelowa, chukua boda. Nasema hili kwa uzito kabisa, mguu ukivunjika kwenye yale mawe presha haitakuwa na maana tena. Na zile siku za kuelekea tarehe 7 na tarehe 20 unajua utatoka usiku, basi ukiwa bado na akili nzuri mwanzoni mwa mwezi fungua alamu ya siku hizo uihamishie saa sita na nusu mchana, maneno yawe yaleyale, vaa raba, tembea kutoka dukani mpaka barabara ya pili urudi, ule. Hata dakika kumi. Usisubiri siku yenyewe ndo uamue, siku yenyewe hutakuwa na kichwa cha kuamua.

Mama mkwe. Mwanangu huyu mama usimkwepe macho, mkalie chini umwambie, mama nimepimwa presha imepanda, nesi kaniambia nitembee, kwahiyo jioni nitachelewa robo saa maana nitapanda kwa miguu. Heshima yake umempa na umemweleza. Umesema mwenyewe kwenu presha ipo, na yeye kwa umri wake anajua presha ni nini. Nakuhakikishia kwa wamama wa huku, akishajua ni ugonjwa ndo atakuwa wa kwanza kukuuliza leo umepanda na nini, na maji ya kunywa utayakuta yamewekwa. Na hilo suala la tule nini leo nalo muombe mgawane, Jumapili mkae mpange wiki nzima, dagaa lini, maharage lini, mboga lini, swali moja linakuwa limetoka kichwani kwako kila jioni.

Kitu kimoja sitaki ukipuuze. Umeniambia uchovu wa mpaka kutamani kulia. Inaweza kuwa kazi tu, na inaweza kuwa na kitu kingine kwa chini. Ukirudi kupima presha omba wakupime wingi wa damu na sukari, na kwa sisi wa kanda ya ziwa mwambie daktari akuangalie na kichocho, hasa kama ulikulia visiwani au pembeni ya ziwa ukioga na kufua humo. Kichocho kinaweza kukaa mwilini miaka, kinakula damu taratibu, mtu anaona tu anachoka, na dawa yake ipo inaitwa praziquantel. Kwa sababu hiyohiyo mtu asikushawishi ukafanye mazoezi ya kuogelea pale ufukweni kwenye maji ya kina kifupi na magugu, konokono wanaobeba wale wadudu ndo wanakaa huko. Ukiwa unapanda mlima ukasikia kifua kinabana, au kizunguzungu, kaa chini, na usilale na hilo jambo, nenda hospitali. Na kama ile hali ya kutaka kulia inakuja hata siku za mapumziko, usingizi haupo, chakula hakina ladha, imepita wiki mbili hivyohivyo, mwambie daktari kwa mdomo wako wazi, hiyo nayo inatibika na wala siyo aibu.

Halafu yale mavideo ya saa mbili usiku, sikukatazi, umefanya kazi kutwa una haki ya kukaa. Ila simu ichomeke chaji mbali na kochi, ukitaka kuangalia inuka uifuate. Utaona siku nyingine hata hukumbuki kuifuata unaongea na watoto mnacheka imefika saa ya kulala.

Alamu ianze Jumatatu. Raba zipeleke kazini Jumamosi hii, ziache chini ya meza, na soksi ndani yake usije ukazikosa, kisingizio kidogo kama hicho kikakurudisha kwenye boda. Ukishapima tena presha niandikie majibu nayasubiri, na mama mkwe msalimie sana.

Shangazi